Jino Lisilotaka Maji

Mimi sina subira, tangu ujana. Basi fikiria mtu wa namna hiyo anapiga nyundo chini ya baba mkwe wake, kila siku ya Mungu, katika karakana ya mgodi wa dhahabu kule Geita, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Kwetu Usukuma baba mkwe humkosoi usoni. Ukiwa na neno unamwambia mkeo, mkeo anamwambia mama yake, na mama ndiye anayechagua wakati wa kumwambia mzee.

Kazi yetu ilikuwa kunoa vyuma vya kutobolea mwamba. Vilitoka shimoni butu. Tunavitia motoni vikawa vyekundu na laini, tunavifua ncha upya, kisha tunavizamisha majini vikakaza. Mzee aliijua rangi ya chuma cha moto kama alivyowajua ng'ombe wake.

Kisha vikaja vyuma vipya, vyenye kijino cha kijivu kilichoungwa kwenye ncha kwa shaba. Kabidi, walisema, kitu kigumu kuliko chuma, lakini si ile kabidi ya kuwashia taa zetu za shimoni. Msimamizi akamwambia mzee wazi: ukiweza kuyaunga upya meno yaliyolegea, utabaki, usipoweza, karakana inafungwa. Mzee alizeekea pale. Hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda.

Akalitia la kwanza motoni, likawa jekundu. Akalijaribu kwa tupa, tupa ikateleza. Chuma chetu cha zamani kikiwa chekundu hivyo tupa ingekikwangua.

"Huyu hata kwenye moto halainiki," akasema, akacheka peke yake.

Shaba ikayeyuka, jino likakaa sawasawa. Halafu, kwa mazoea, akalizamisha ndooni. Tukasikia tik. Jino lilikuwa limepasuka katikati.

Akaunga la pili, akazamisha. Tik. Nilikuwa naungua ndani. Fundi wa mashine za upepo za kutobolea mwamba alikuwa ameshaniambia kwamba jino hili linavumilia joto, ila halivumilii kupozwa ghafla. Lifukiwe kwenye majivu ya moto, lipoe lenyewe, polepole. Angekuwa mtu mwingine ningeipiga ile ndoo teke. Nikaung'ata ulimi. Jioni nikamwambia mke wangu, naye akaenda kwa mama yake.

Asubuhi mzee hakunitazama. Alilitoa motoni jino la tatu, la mwisho tuliloletewa kujaribu, akalipeleka juu ya ndoo, mkono ukasita. Kisha akalifukia kwenye majivu ya moto, akaketi kando yake mpaka mchana. Tulipolifukua, lilikuwa zima.

Jino hilo lilitoboa mwamba majuma kadhaa bila kurudi kwetu. Ndipo tulipoelewa kwamba vyuma visivyoisha makali havihitaji wahunzi wengi. Mzee akabakizwa. Sisi wa nyundo tukaachishwa kazi, nami nikarudi kwetu Tinde kulima pamba.

Niliona uchungu, sitaficha. Watu wakaniambia tenda wema nenda zako, na mimi nikawajibu kwamba wema wenyewe umenitoa kazini. Nilikuwa nasema hivyo kwa kila aliyepita.

Siku moja, wakati wa palizi, mke wangu alirudi kutoka kwao akanikuta shambani.

"Mama ameniambia nikuambie," alisema. "Baba anasema yale maneno ya majivu alijua ni yako. Anasema ile ndoo ya maji ameimwaga, hazamishi tena jino."

Nikaweka jembe chini, nikalia palepale kwenye matuta, na mke wangu akaendelea kupalilia.