Sura ya Bibi ya Kila Asubuhi

Juzi nilikwenda Mwananyamala kumsaidia baba kuhamisha vitu kutoka chumba cha mbele, maana amempata mpangaji mwingine. Zamani chumba hicho kilikuwa studio yetu ya picha. Baadaye kikawa saluni, kikawa duka la kava za simu, na sasa kuna kijana anataka kukaangia chipsi. Chini ya meza, nyuma ya makopo ya rangi yaliyokauka, nilikuta boksi limefungwa kwa kamba ya katani. Nikalifungua nikiwa nimesimama. Ndani alikuwamo bibi, mama yake baba, picha juu ya picha, zote amevaa kanga ileile na zote ananitazama kwa jicho lilelile la mtu anayebana kicheko.

Sikushtuka. Nilijua zipo, nilichosahau ni wingi wake.

Kama uliwahi kupeleka mkanda studio kusafishwa, basi unaijua nusu ya habari hii. Ulikuwa unautoa kwenye kamera, unapewa kikaratasi, unarudi siku nyingine kuchukua bahasha. Nusu iliyobaki ilikuwa nyumbani kwetu, nyuma ya pazia, ambako palikuwa na mashine kubwa kama kabati la nguo lililolazwa. Baba aliinunua ikiwa imeshatumika kwingine. Tumboni mwake kulikuwa na matangi ya dawa, na katikati ya matangi rola nyingi za kusukuma karatasi. Dawa ya kwanza ilikuwa ya kuitoa picha. Ya pili ilikuwa ya kuikamata isipotee. Kisha maji, kisha hewa ya moto ya kukaushia. Nyumba nzima ilinuka siki. Wageni waliuliza kama tunapika achari, wakati sisi pua zetu zilishazoea kitambo.

Mashine ile ilikuwa na deko kuliko kitinda mimba. Joto likishuka kidogo tu, picha zinapauka. Dawa ikichoka bila kuongezewa mpya, watu wanatoka na rangi ya kijani. Rola zisiposuguliwa zinaota chumvi, na chumvi hiyo inachora mistari kwenye nyuso za watu. Kisima cha mtaani kilikuwa na maji ya chumvi, kwa hiyo mashine ilipewa maji ya bomba na sisi tukaoga ya kisima. Mama alikuwa akirudi na ndoo kichwani anauliza kwa sauti ili baba asikie, "Haya, mke mwenzangu ameshakunywa?"

Jioni, baada ya kufunga, baba alizitoa rola na kuziosha kwa maji ya vuguvugu na sifongo laini, taratibu, kama anaosha mtoto mchanga. Alikuwa na ndoo mbili zinazofanana. Ya dawa ya kwanza aliifunga kitambaa chekundu kwenye mpini, ya dawa ya pili cheusi. Tulikatazwa kuzigusa hata kwa bahati mbaya, kwa sababu tone la dawa ya pili likiingia kwenye ya kwanza, ndio basi tena. Watu walileta mikanda kutoka hata Sinza kwa jambo moja tu: ukisafisha kwa baba leo, na mwakani ukirudi, rangi ni ileile. Chakula chetu kilitoka hapo.

Na siri ya rangi ile ilikuwa bibi. Wenye studio kubwa walikuwa na vipande maalumu vya kupimia mashine, vinavyoagizwa. Baba alimkalisha bibi kwenye kigoda uwani, akampiga picha moja ya makini, na negativu yake, kile kipande cha mkanda kinachochapiwa picha, ikawa kipimo chake. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi ya mteja, alichapa picha ya bibi na kutoka nayo nje kwenye jua. Bibi alikuwa mkekani anachambua mchele, au anakuna nazi kwa ajili ya mihogo ya mchana, redio inamwimbia taarabu pembeni. Kanga ya kwenye picha aliitoa sandukuni kwa kazi hiyo tu, anaitupia begani, halafu anairudisha isije ikapauka. Baba aliiweka picha kando ya shavu lake.

"Leo nimeamkaje?" bibi aliuliza.

"Una ukijani kidogo, mama. Hapa shavuni."

"Basi kaioshe hiyo mashine yako. Mie toka nizaliwe sijaamka na kijani."

Asubuhi ambayo picha imekubali, alijitazama, akaguna kidogo kwa kuridhika, akasema, "Ndo mie huyo. Fungua duka." Baba akaitundika kaunta kwa pini mpaka kesho yake. Tulikua tukidhani kila nyumba ina bibi wa kufungulia duka.

Alifariki msimu wa mvua, baada ya kuumwa kwa muda mfupi. Majirani walikuja na mikeka na masufuria, na kama ilivyo kwenye misiba yetu, kila chombo cha nyumba kikawa cha wote. Ndoo zote zilikwenda uwani kuwekea maji ya wanaume kutawadhia. Baba mkubwa, kaka yake baba, alifika kutoka Temeke, akaiona picha ya bibi pale kaunta, akaing'oa na kuilaza kifudifudi.

"Mtu akishatangulia anaachwa apumzike," alisema. "Hizi za kila siku, basi."

Baba alitii. Kaka mkubwa hajibiwi, tena siku kama ile.

Khitma ilipokwisha alifungua duka. Ndoo zilikuwa zimerudishwa zikiwa safi mno, majirani wamezisugua kwa mchanga, na ule usafi wa kina mama ukaona vile vitambaa ni uchafu, vikafunguliwa na kutupwa. Baba alizitazama ndoo zake mbili, akakisia. Alikoroga dawa mpya ya kwanza kwenye ndoo iliyokuwa ikibeba ya pili siku zote, na plastiki hunywa dawa hata uisugue vipi. Bibi angeamka na rangi ya ajabu asubuhi ileile na mambo yangeishia hapo. Lakini bibi hakuchapwa. Zilizochapwa ni picha za harusi ya binti wa jirani yetu wa ng'ambo ya barabara.

Jirani alikuja na bahasha mkononi. Alikuwa amelala kwetu siku zote za msiba, kwa hiyo hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alizipanga picha kaunta moja moja. Shela ya bi harusi ilikuwa na rangi ya waridi. Bwana harusi alionekana kama ameunguzwa na jua.

"Jirani," alisema, "mie nilikuletea mwanangu. Huyu ulonirudishia simjui."

Negativu za harusi zilikuwa nzima, picha zingeweza kuchapwa upya. Shida ilikuwa kujua mashine imekosea wapi na imepona lini. Baba alijaribu kupiga picha maua ya plastiki ya sebuleni, akanipiga picha na mimi. Haikusaidia, kwa sababu negativu mpya huijui tabia yake. Picha ikitoka mbaya, huwezi kusema umeharibu kwenye kupiga au kwenye kusafisha. Negativu ambayo mashine ile iliwahi kuitoa sawasawa, miaka kwa miaka, ilikuwa moja tu. Nakumbuka alikaa nayo kwenye meza tangu baada ya adhuhuri, ameiinua dirishani, anaishusha, anaiinua tena. Nilidhani anatafuta mkwaruzo.

Asubuhi yake mashine ilinguruma mapema. Baba akatoka uwani na picha mkononi, haraka kama siku zote, akafika mpaka palipokuwa pakitandikwa mkeka. Pale akasimama. Hapakuwa na shavu la kuiweka kando.

Mama alikuwa anakaanga vitumbua. Aliweka kijiti chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaichukua picha na kuigeuza kwenye jua.

"Mama hakuwa mwekundu hivi," alisema. "Tangu lini?"

Baba alilia. Sikuwa nimemwona akilia hata kwenye maziko. Kisha akaingia ndani, akamwaga dawa yote, akazitupa ndoo zote mbili, akashinda na rola zake mpaka maghribi. Kesho yake alitoka tena, mama akatazama, akachukua muda wake, akasema, "Ndo mwenyewe huyo. Fungua duka." Jirani alirudishiwa binti yake na shela nyeupe.

Baba mkubwa alipokuja kwenye arobaini aliikuta picha ya siku hiyo juu ya meza. Baba akasema, "Kaka, nikimwacha yeye, naharibu watoto wa watu." Baba mkubwa aliitazama kwa muda. "Basi usimtundike," alisema. Tangu siku hiyo bibi alichapwa, akatazamwa, akawekwa boksini.

Yaliyofuata unayajua, yalifika na kwenu. Simu zilipoanza kupiga picha, mikanda ikapungua. Dawa zile zinataka kazi; zikikaa bure zinageuka rangi ya chai. Kuna asubuhi bibi alikuwa ndiye mteja peke yake. Mwishowe wanunuzi wa vyuma chakavu waliibeba mashine kwa mkokoteni, rola zikilia njia nzima, na mama akasema mke mwenza ameachika. Mama naye sasa ametangulia.

Baba alinisikia nikipekua. Macho yake yameingia ukungu, anaona mwanga na vivuli tu. Nikampa picha moja, akaipapasa pembe.

"Leo kaamkaje?"

Nilitazama boksi. Joto na miaka vimempausha kila mmoja kwa namna yake: huyu wa njano, yule wa samawati, mwingine anaelekea kuwa mweupe. Bibi alifariki nikiwa mdogo, na rangi yake naijua kwa picha hizihizi.

"Kaamka vizuri, baba."

"Umemwangalia nje, kwenye jua?"

Uwani kumejengwa vyumba vya kupangisha, hakuna jua. Nikachukua picha kadhaa, nikapita ukumbini mpaka barabarani, nikaziweka moja moja kando ya mkono wangu, maana wanasema nimechukua rangi yake. Mwendesha bodaboda alinitazama mimi na mkono wangu, akaendelea na simu yake. Nikachagua moja, nikarudi nayo ndani, nikamwekea baba kiganjani.

"Nimemwangalia," nikasema. "Ndo mwenyewe huyu."

"Basi fungua duka," akasema baba.