Jina la Quinter Lililobaki Kambini

Adoyo alichuma chai miaka kumi na tisa katika shamba kubwa njia ya Sosiot, na miaka hiyo yote alikuwa na namba. Namba ndiyo iliyompa mshahara, chumba kambini na majirani waliotoka kwao upande wa ziwa. Mashine za kuchuma zilipoletwa, wachumaji waliambiwa wapumzike kwanza. Na kila mchumaji anajua: ukiambiwa upumzike, huendi ofisini kuomba namba yako ifutwe. Unaiacha kitabuni, ili kazi ikirudi uitwe.

Jina la mtoto nalo akaliacha vivyo hivyo, katika shule ya karibu na kambi.

Alihamia Chepilat, akapanga chumba jirani na changu, akauza nyanya. Bintiye Quinter akapokelewa kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapo karibu. Mwalimu mkuu, Madam Edinah, alimtuma Adoyo arudi shule ya zamani aombe Quinter atolewe kwenye kompyuta ya wizara. Adoyo aliitikia vizuri tu, asiende. Mimi nilidhani ni uzembe, na nilimsema kwa majirani bila haya. Kumbe mwanamke wa watu alikuwa anangoja kuitwa.

Chepilat hakuwa na mtu. Wateja walimsalimia kwa Kikipsigis au Kikisii, naye akajibu kwa Kiswahili, wakalipa wakaenda zao. Alikuwa mpweke kabisa, na sisi tuliomzunguka tukaita hayo maringo.

Mwaka uliofuata, Quinter akiwa kidato cha nne, Madam Edinah alimwita ofisini.

"Mama Quinter, serikali inatuma pesa ya mtoto mahali jina lake liko. Mwaka mzima pesa ya Quinter imeenda kule, na sisi ndio tunamfundisha. Hiyo tumevumilia. Lakini mtihani siwezi kumsajili kama hayuko kwa system yetu. Na usajili unafungwa Ijumaa."

"Na nikimtoa kule, halafu turudishwe kazi?"

"Mrudishwe na nani, mama?"

Nyumbani Quinter alilia kwa hasira. "Mum, nikose mtihani juu ya kambi? Hata hizo nyumba zimebomolewa!" Nilimsikia kupitia ukutani.

Alhamisi Adoyo alifunga kibanda, akaenda shule ya zamani peke yake. Yaliyotokea huko alinisimulia baadaye, siku nilipokwenda kumwomba msamaha.

Karani wa shule ile, Priscah, alitafuta jina, kisha akamtazama vizuri. "Kumbe mtoto ni wako! Kwa kambi yenu yote, ni huyu tu alibaki. Tulikuwa tunashangaa."

"Ni huyu tu? Na mtoto wa Oketch?"

"Alitolewa kitambo."

"Wa Monicah je?"

"Huyo ndiye wa kwanza. Ile wiki mliambiwa mpumzike, mama yake alikuwa hapa asubuhi na mapema."

Wiki hiyo hiyo Monicah, jirani yake wa kambini, alikuwa amekunywa chai nyumbani kwa Adoyo, akamkumbatia na kumwambia wataonana wakiitwa. Adoyo aliniambia alitamani kuketi chini, sakafuni, lakini aliona aibu. Mwaka mzima alidhani wanangoja wote.

"Sasa nimtoe?" Priscah akauliza.

"Mtoe."

Haikuchukua hata dakika moja. Priscah akamwambia kwamba Madam Edinah anaweza kumpokea Quinter leo hii, na mtihani atafanya. Adoyo akashukuru, akafika mlangoni, akarudi. Akauliza mtoto wa Monicah alihamishiwa wapi.

Priscah akaangalia. "Sotik. Si ni hapo tu karibu na nyinyi?"

Ni karibu kweli, hata kwa miguu mtu anafika. Na namba ya simu ya Adoyo, Monicah alikuwa nayo mwaka huo wote, asipige.