Vitambaa vya Kijani na Uyoga wa Njia ya Kipushi

Padri wetu alikuwa amesoma mahali fulani kwamba vijana wa Kiafrika wanaharibika mjini, na dawa yao ni msitu. Sisi tulizaliwa Élisabethville, kwenye kambi za reli na za mgodi. Msitu tuliujua kwa kuni zilizofika zimeshapasuliwa. Hatukuulizwa.

Kundi la vijana la parokia lilikuwa na shida nyingine kabisa. Kila mpira uliisha kwa ngumi, sisi wa kaskazini ya Katanga upande huu, watoto wa Kasai upande ule. Padri akatuchanganya watano watano, akanifanya mkuu wa kikosi, kisha akatangaza jaribio. Tutoke Katuba, mtaa wetu, alfajiri, tufuate dira mpaka kijito cha njia ya Kipushi, tubebe unga na chumvi tu. Mboga tuitafute msituni. Saa sita yeye angekuja na pikipiki yake kuonja sufuria zetu. Kikosi kitakachoshindwa hakitatoa ahadi ya uanachama Jumapili mbele ya wazazi, wala hakitabarikiwa vitambaa vya kijani vya shingoni, ambavyo mama zetu walikuwa wameshavishona na sisi tumeshavivaa kwa majivuno.

Ahadi hiyo niliitaka kufa na kupona. Baba yangu, mfanyakazi wa reli aliyekuja mjini kwa miguu kutoka kwao, hakuipenda safari hii hata kidogo.

“Nilitokaka mu pori na miguu yangu,” alisema, “njo sasa mupe, Padri wenu, anakurudisha mule? Jumapili nitakuja kuona. Kama iko muchezo tu, unatoka mu kile kikundi.”

Kijitoni tulifika bila shida, kwa sababu dira tuliiweka mfukoni tukafuata barabara. Tukawasha moto, tukasonga bukari, ugali wetu wa kila siku, ikasimama vizuri. Ndipo tukautazama msitu, msitu nao ukatutazama. Mvua zilikuwa zimeanza na uyoga ulijaa chini ya miti, mweupe, mwekundu, wa manjano. Lakini kwetu kuchuma uyoga ni kazi ya wanawake. Mwanaume hukutana nao ukiwa umeshaiva. Mwenzangu wa Kasai, ambaye juzi tu alinipasua mdomo uwanjani, alichuma mmoja, akaunusa, akaninyooshea.

“Anza weye, shefu.”

Nikamjibu kwamba kwetu mgeni ndiye anayeanza. Akautupa.

Jua lilikuwa linapanda. Akatokea mama mmoja wa vijiji vya pale, kikapu cha uyoga mkubwa wa vichuguuni kichwani, anakwenda kuuza Katuba. Tulimsalimu kwa adabu ambayo Padri hajawahi kuiona kwetu. Tukamweleza njaa yetu, jaribio letu, ahadi yetu, hata saa ya misa. Alitusikiliza macho yakiwa shingoni mwetu.

“Bowa iko,” alisema, akiugusa uyoga wake. “Munipatie bile bitambala.”

“Mama, bile iko bya Mungu!”

“Bon, bana yangu. Mumuombe Mungu apike.”

Tulivua wote. Fundo langu lilikataa, yule wa Kasai akanisaidia kulifungua. Hivyo ndivyo tulivyotoa vitambaa ili tustahili kuvivaa.

Padri alikula mpaka akalegeza mshipi wa kanzu. Alisema sufuria ile ilikuwa imetufundisha undugu, na hapo hakukosea. Akatupa nafasi ya kwanza. Tulipomwambia kwamba vitambaa tumevihifadhi visichafuke, akatusifu kwa usafi pia.

Kwa Jumapili tulikubaliana kusema kijito kilivichukua tulipokuwa tunavifua. Uongo mmoja, vinywa vitano, na hakuna aliyeuliza nani ni wa wapi. Baba alikaa mbele, amevaa koti lake la Pasaka. Tukaitwa altareni. Kabla sijafungua mdomo nikaona upande wa wanawake: mama wa uyoga na binti zake wanne, vichwa vitano vya kijani, wameketi wima kama wageni wa heshima. Padri alitazama vichwa, akatazama shingo.

“Lilikuwa wazo la nani?”

Tulipiga hatua mbele wote watano, tukakiri yote: vitambaa kwa uyoga. Padri akaiahirisha ahadi yetu kwa sauti ya mtu aliyepewa alichoomba na hakipendi.

Baba alinitoa kanisani. Nilijua kikundi kimeisha, na mgongo wangu nao niliuhurumia. Tulipokaribia nyumbani, akasimama.

“Ile bowa,” alisema. “Iko ile ya bukubwa, ya ku kichuguu?”

“Njo ile, baba.”

“Mulikula yote?”

“Yote.”

Akatazama viatu vyake. Macho yalikuwa yamemlowa, na mimi sikuwahi kumwona hivyo.

“Toka nilitokaka kwetu sijakula ile,” alisema. “Hata moja haukuniletea.”