Vidonge vya Bi Mwanamkasi

Bi Mwanamkasi wa Mkunazini hakuwa na mkono wa birika, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wake wa kwanza. Wa pili aliambiwa na Daktari Anwar: mafuta yamezidi kwenye damu. Kaka yake Shaame alikufa kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka hamsini na sita, na yeye alikuwa keshatimiza hamsini na tano. Aliogopa kikweli. Akapewa vidonge thelathini, kimoja kila usiku, akaahidi kuvimeza.

Lakini jirani yake Salhiya alipoviona tu, alijishika kifua. "Shoga, hata mimi nnahisi mafuta yamenijaa."

Bi Mwanamkasi akamtilia kumi kwenye sahani, akavifunika kwa kawa kama anayepeleka futari. Habari ikavuka ukuta, na Riyama wa nyumba ya pili naye akapelekewa sahani ya vidonge kumi. Vilivyobaki alivimeza mwenyewe, vikamalizika, akaona haya kwenda kuomba vyengine kabla ya siku yake.

Sasa, sahani ya mtu hairudishwi tupu. Ya Salhiya ilirudi na sambusa. Ya Riyama, kaimati zilizolowa shira. Kukataa chakula cha jirani ni utovu wa adabu, na Bi Mwanamkasi adabu anazo. Alikula zote.

Mwezi ulipokwisha, Anwar alimpima tena, akasoma majibu. "Bi Mwanamkasi, yamepanda."

Naye Bi Mwanamkasi akaeleza yote, mpaka kawa. Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. "Dawa hii hupewa aliyepimwa, tena baada ya kuulizwa maradhi yake mengine. Na wewe ukiikatiza, haikulindi."

Alirudi na pakiti mpya ameikumbatia ndani ya buibui. Salhiya alikuwa keshakaa barazani anamngoja.

"Nipunguzie, shoga. Vyangu vishakwisha."

Bi Mwanamkasi alikuwa hajawahi kumnyima mtu kitu maishani mwake. Safari hii aliibana pakiti kwapani. "Sikupi. Kapimwe, upewe vyako."

Salhiya akanuna. Bi Mwanamkasi aliona urafiki wa miaka thelathini unakatika pale pale, na moyo ukamuuma. Kisha Salhiya akasema kwa sauti ndogo, "Nnaogopa kupimwa. Ndiyo maana nlikuwa nnameza vyako."

Bi Mwanamkasi akakaa karibu yake. "Hata mimi nnaogopa. Nipitie kesho saa mbili, twende tukaogope pamoja."