Kiondo Nilichokirudisha Kitupu

Mimi ni mtu wa hasira, na sisemi hivyo kwa kujivunia. Kanisani naongoza maombi ya akina mama, na nikiwaombea wengine nalia vizuri sana. Lakini nikikasirika nyumbani kwangu hapa Majimbo, Embu, hata kuku wanajua wakae upande gani. Hasira hizo ndizo zilizonifanya nimrudishie dada yangu kiondo chake kikiwa kitupu.

Kwetu, kule miinuko ya Meru, ukiletewa chakula hurudishi chombo hivi hivi. Ukiletewa maharagwe kwa sufuria, utairudisha na parachichi mbili, au viazi, au sukari kidogo kwenye karatasi ikiwa huna kingine. Hakuna anayekufundisha. Unakua tu ukimwona mama yako akizunguka jikoni kutafuta cha kutia, mgeni akiwa tayari amesimama mlangoni. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenyewe asikuletee tena, wala asije.

Mimi na dada yangu tulikosana siku tuliyomzika mama. Nilisema mbele ya watu kwamba yeye, aliyekaa karibu, alimwacha mama afe peke yake. Haikuwa kweli. Yeye ndiye aliyemwogesha na kumlisha miezi yote ile, huku mimi nikiwa Embu nikituma salamu. Nadhani nilimtolea maneno yale kwa sababu nililijua hilo. Mwezi mmoja baadaye akanitumia kiondo kwa mkono wa jirani. Ndani mlikuwa na njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, ndizi za kupika na leso ya mama. Njahi tulizila, mimi na mume wangu, na zilikuwa tamu. Leso nikaifungia kabatini. Kiondo nikakikung'uta nje hadi vumbi la mwisho likatoka, nikampa jirani akirudishe.

Miaka mitatu hatukuzungumza. Katika maombi ya akina mama nilimsihi Mungu amlainishe moyo dada yangu. Wake, si wangu.

Halafu asubuhi moja binti yake akanipigia simu. "Tata," akasema, maana ndivyo watoto wetu wanavyomwita dada ya mama, "mama anafanyiwa opareshoni kesho. Ni ya tumbo, na daktari amesema si ndogo. Hajanituma. Nimeona tu ujue."

Jikoni nilikuwa na uji wa wimbi uliokwisha kuchachuka. Nikaupika, nikautia kwenye themosi, nikapanda gari la Meru.

Kwenye lango la hospitali askari alinizuia. "Mama, kuona wagonjwa ni saa saba. Hata ukinikasirikia, saa haitasonga." Siku nyingine ningemjibu, na angejua kwamba amejibiwa. Siku hiyo nilimshukuru kimoyomoyo. Nilikuwa naogopa. Niliogopa dada yangu angegeukia ukuta akiniona, kisha kesho apelekwe kwenye chumba cha upasuaji na asitoke, nami nibaki na ule mgongo wake maisha yangu yote.

Nikatembea bila kuwaza ninakokwenda, hadi nikajikuta mtaa wa Majengo, karibu na msikiti. Nikiwa msichana tulikatazwa kupita huko. Hatukuambiwa sababu, na mimi nimezeeka na katazo hilo bila kuuliza.

"Mama, simama! Unamwagika!"

Alikuwa mwanamke wa rika langu, amejitanda mtandio, amekaa mlangoni pake akichagua mchele kwenye ungo. Nilipoangalia chini, nikaona uji unachuruzika kutoka kwenye mkoba hadi kwenye sketi yangu ya kanisani. Sikuwa nimefunga themosi vizuri. Nikasimama pale barabarani na machozi yakanitoka, mimi ambaye hulia kwa ratiba.

Hakuniuliza chochote. Alinivuta kwa mkono, akaniketisha kwenye benchi, akaleta maji kwenye beseni na kitambaa. Alifuta sketi, akaosha mkoba, akakaza kifuniko cha themosi kwa nguvu za mtu aliyezoea kazi. "Nusu imebaki," akasema. "Mgonjwa hanywi zaidi ya nusu."

Nikamweleza yote. Yale ambayo sikuwa nimemwambia mchungaji wala mume wangu, nilimwambia mtu ambaye hata jina lake sikulijua. Alisikiliza huku akitoa mawe kwenye mchele. Nilipomaliza nilimmiminia uji kwenye kile kikombe cha themosi, kumshukuru.

"Ni ya mgonjwa hiyo," akasema.

"Kunywa kidogo tu."

Akanywa, akausifu, akaingia ndani na kikombe. Nilimsikia akikisuuza. Alipotoka, ndani ya kikombe mlikuwa na tende tatu.

"Siwezi kukupatia hii kikombe ikiwa tupu," akasema.

Nikashangaa, na kwa ujinga wangu nikasema, "Kumbe hata nyinyi mnafanya hivyo?"

"Sisi nani?" Alinitazama bila hasira. "Mimi nimezaliwa hapa Majengo. Shosho yangu, mama ya mamangu, alitoka Tigania, Meru hii hii. Na hata kama hangetoka huko, mtu akikupatia kitu si unamrudishia mkono?"

Nilikufa kwa aibu. Nimesikiliza mahubiri mengi kuhusu msamaha, na mengine nimeyatoa mwenyewe, lakini hakuna yaliyonifikia kama zile tende tatu. Mwanamke huyu hakunijua na hakuwa na sababu ya kunitegemea kesho. Nilimpa mafunda mawili ya uji akazunguka nyumba nzima kutafuta cha kunirudishia. Dada yangu alinitumia leso ya mama yetu, nami nikamkung'utia kiondo. Muda wote ule nilidhani moyo unaohitaji kulainishwa uko Meru.

Saa saba nilikuwa langoni. Wodini dada yangu alikuwa amelala chali, amekonda, nywele zimefunikwa. Aliniona. Hakugeukia ukuta, lakini hakutabasamu pia.

"Umefika," akasema.

"Nimefika." Muuguzi alikuwa ameniambia anaruhusiwa kunywa hadi jioni, kwa hiyo nikamimina uji haraka, kabla ujasiri haujaniisha. "Ile kiondo niliirudisha tupu," nikasema, "na nilijua ninachofanya. Na yale maneno ya mazishini yalikuwa uongo. Wewe ndiye ulimtunza mama. Nisamehe."

Alikunywa uji polepole. Mimi nilikaa pembezoni mwa kitanda kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa ofisini.

"Najua ulijua," akasema mwishowe. Akaninyoshea kikombe nimwongezee. "Umechachuka vizuri. Mama angeupenda."

Nikalia, naye akaniacha nilie. Nilimpa zile tende na kumwambia zilikotoka. Alikula moja, mbili akaziweka chini ya mto. Kengele ya kutuondoa ilipolia, nikanyoosha mkono kuchukua themosi. Akaivuta upande wake.

"Hii inabaki."

"Si itakusumbua hapa?"

"Saa hii sina kitu ya kuweka ndani," akasema. "Utakuja kuichukua nikitoka."

Nilitaka kumwambia aache mchezo, abaki nayo tu, ni themosi kuukuu. Lakini alikuwa ameishika kwa mikono miwili juu ya tumbo lile litakalopasuliwa kesho, na nikaona kwamba naye anaogopa.

"Nitakuja," nikamwambia.

Nilirudi Majimbo jua likizama. Mume wangu akatazama mkoba, akauliza themosi iko wapi. Nikamjibu kwamba iko kwa dada yangu, na kwamba nimekatazwa kuichukua ikiwa tupu.