Kuku wa Kochoko Siku ya Posa

Nakumbuka msimu mmoja tukilinda mpunga Kitaya, bondeni kwenye mto Ruvuma, mimi na marehemu mjomba wangu, kaka yake mama. Tulikaa juu ya dungu, kile kibanda kinachosimama kwenye nguzo za miti, tukipiga debe ili viboko wasipande shambani. Mjomba alikuwa hodari wa kukoroma kuliko wa kupiga debe. Safari moja alikoroma mpaka jirani wa shamba la pili akaja mbio, anapiga kelele kwamba kiboko ameshaingia na yuko karibu sana. Nilicheka nikaangusha debe. Jina la jirani huyo limenitoka, ila alikuwa na mguu mmoja mfupi na mbio zake zilishinda za watu wenye miguu sawa.

Sasa kule kwenye dungu chakula kilikuwa muhogo wa kuchoma na kochoko. Mwanangu, kama umekulia mbali na mikorosho huenda kochoko huijui. Ni bibo, lile tunda la mkorosho, linakamuliwa kidogo kisha linaanikwa juani mpaka linakunjamana kama sikio langu hili. Tamu, lakini ina ukakasi unaobana ulimi. Shule mimi niliiacha mapema, sikuona nilichokuwa nafuata. Kochoko lakini nimekula tangu meno ya utoto, kwa hiyo nikizungumzia kochoko nisikilize.

Ndiyo maana mpwa wangu Somoe aliponijia hapa Magomeni na simu mkononi, sikubabaika. Alikuwa ameona kuku wa Kimoroko, wa viungo na matunda makavu.

“Mjomba, wanatia tunda linaitwa aprikoti. Nimezunguka soko zima, mmoja ameniuliza kama ni mafuta ya nywele.”

“Tia kochoko,” nikamwambia.

“Kochoko kwenye kuku?”

“Wamoroko wametia tunda la kwao. Na sisi tutie la kwetu.”

Tukapika wote wawili. Ni chakula chepesi, usitishwe na jina. Kuku mkate vipande, mpake chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, manjano, binzari nyembamba na mdalasini. Mkaange awe na rangi, umtoe. Kwenye mafuta yaleyale weka vitunguu maji vingi, na hapo uwe na subira, viache vilainike vyenyewe, usivikimbize kwa moto. Mrudishe kuku, maji kidogo, funika, punguza mkaa. Kochoko loweka kwenye maji ya moto, uzikamue kwa mkono ukakasi utoke, uzikate, uzitie kuku akikaribia kuiva, na zabibu kavu kidogo. Mwisho kamua ndimu, mwagia korosho za kukaanga juu. Mchuzi uwe mzito, ushike wali.

Kijana aliyekuwa akimtaka Somoe, jina lake Shabani, fundi wa mafriji, alikuja kunisalimia akakikuta chakula hicho barazani. Alikula mpaka akafyonza mifupa. Wiki iliyofuata akapita tena kunisalimia, saa ya chakula vilevile. Sijawahi kusalimiwa vizuri namna ile.

Basi siku ya posa ikafika. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno, hivyo upande wa binti nilikaa mimi, na upande wa kijana akaja mjomba wake kutoka Newala, mzee mwenye kofia safi na uso mkavu. Wakikubaliana wajomba, ndoa ipo. Wakikataa, hakuna. Somoe alijua hivyo, na siku ile alimpika kuku wa kochoko vizuri kuliko siku zote.

Yule mzee akala tonge, akachambua mchuzi kwa kidole, akainua kitu.

“Hiki nini?”

“Kochoko, mzee wangu,” Somoe akajibu. Alikuwa amesimama na birika la kunawia.

“Kochoko! Kwetu hizi wananunua wapika gongo. Leo mmenialika kwa kuku mlevi?”

Nyuma ya pazia shangazi za Somoe wakachungulia. Somoe akamgeukia Shabani.

“Wewe si unakijua chakula hiki? Mwambie mjomba.”

Shabani akatazama sahani, akatazama uso wa mjomba wake.

“Mimi? Ndiyo kwanza nakiona leo. Hata mimi nimeshangaa.” Akainuka. “Samahani, napokea simu.”

Simu haikulia, mwanangu. Masikio yangu bado mazima.

Nikamgeukia mgeni. “Mzee mwenzangu, zabibu nazo watu wanapikia mvinyo. Mbona kwenye pilau ya Maulidi unazifukua?”

Akanitazama, halafu akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. “Nazifukua kweli! Binti, nilikuwa nakutania. Mama yangu amenilea kwa kochoko hizi. Sijazionja muda mrefu, wala sijawahi kuzila hivi. Haya, mwiteni Shabani, kuku anapoa.”

Nikatoka barazani kumwita. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya barabara, anatembea tu, hakimbii. Mjomba wake naye akatoka, akamwita kwa jina lake na la baba yake. Hakugeuka. Akakata kona, na hajarudi kwangu mpaka leo.

Tuliporudi barazani Somoe alikuwa amesimama palepale na birika lake, macho makavu. Akamwuliza yule mzee, “Nikuongezee?”

“Niongezee, mwanangu,” akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeona haya.

Basi nisikie. Onja chungu chako mwenyewe kabla hujamwonjesha mtu, na ukishajua kimekolea, usingoje uso wa mgeni ukuambie. Na ukila kwa mtu ukafurahi, sema hivyo hivyo mbele ya wakubwa wako. Kijana anayekukana kwa sababu ya kipande cha kuku, atakukana pia siku ya ugonjwa, na bora ujue mapema, mkiwa bado barazani. Somoe alilia baadaye, sikatai. Lakini kuku yule hatukumbadilisha kitu.

Mungu akupe mkono mwepesi jikoni, na mtu wa kula naye asiyeona haya kukusifu. Amina.