Povu la Mti wa Mchungwa

Tangi la kioo niliachiwa na mwalimu mgeni aliyekuwa akifundisha baiolojia katika shule moja ya Kibaha, ambako mimi nilikuwa msaidizi wa maabara. Mkataba wake ulikwisha, na asubuhi ya kuondoka akaniambia, "Wewe ndiye unayejua kuwalisha. Chukua." Tulilibeba watu wanne hadi nyumbani kwangu: maji ya bahari ndani ya madumu, mawe yenye matumbawe hai ndani ya ndoo, samaki mmoja wa manjano aitwaye kitatange, na wengine wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nimeondoka mwenyewe kwenye ndoa niliyotafutiwa na baba, na tangu hapo sikuweza kukaa kitini kwa dakika kumi. Nilifagia palipokwisha kufagiliwa. Nilianza barua nikaziacha katikati. Lile tangi lilinipa mahali pa kusimama, ingawa hata hapo nilikuwa nikihama, mara upande huu wa kioo, mara upande ule.

Mwanzoni lori la shule likienda mjini kuchukua unga, dereva aliniletea madumu mawili ya maji ya bahari. Kisha mafuta yakaadimika, lori likalala. Maji yangu yakaanza kuwa na rangi ya chai ya rangi, juu yake ukatanda utando, na matumbawe yakajikunja. Katika daftari aliloniachia yule mwalimu mlikuwa na mchoro wa chombo cha kutolea povu. Ni bomba linalosimama ndani ya maji. Hewa inapulizwa kutoka chini, viputo vinapopanda vinanasa ute na mabaki ya chakula na kuyainua juu kama povu, povu linamwagikia kwenye kikombe, nawe unalitupa. Ukiwa nacho, maji yaleyale yanakaa muda mrefu.

Nilivitafuta, nikavipata viwili. Cha kwanza kilikuwa Ruvu, kwa fundi mkuu mmoja wa mitambo ya maji aliyewahi kusoma ng'ambo na sasa alikuwa akifunga mizigo kuhamia kanda ya ziwa. Kilikuwa kirefu kama mtoto wa miaka mitano, kina mota yake. Alikiwasha ndani ya pipa, maji yakajaa viputo papo hapo. Nilitamani kukibeba muda uleule.

"Sitaki pesa," akasema. "Nitanunua nini nazo, na maduka ni matupu? Mke wangu anataka cherehani."

Cherehani ndicho kitu pekee nilichotoka nacho kwenye ndoa.

"Na umeme ukikatika, ukarudi kwa nguvu?" nikamuuliza.

"Mota itaungua, dada. Na nyingine hapa nchini huipati. Sitaki kukudanganya."

Cha pili kilikuwa mjini, katika duka la mzee mmoja aliyeuza vitu vilivyotumika. Kilikuwa bomba la plastiki lenye ufa, urefu wa mkono, na kilitumia pampu ndogo ya hewa niliyokuwa nayo tayari. Bei yake ningeimudu bila kuuza kitu. Lakini viputo vyake lazima viwe vidogo kama moshi, na vilitokana na kipande cha mti kinachopitisha hewa. Kipande hicho huziba baada ya mwezi au zaidi kidogo, ukaweka kingine.

"Vilikuwa vinatoka Ulaya," mzee akasema. "Sasa haviji. Utafute seremala."

Baba yangu alikuwa seremala. Alikuwa Kibuta, Kisarawe, na nilikuwa sijakanyaga huko kwa miaka miwili.

Wiki nzima nilizunguka na jambo hilo. Kuchukua chombo cha Ruvu kulimaanisha kutoa cherehani na kutomhitaji mtu. Kuchukua kile kidogo kulimaanisha kwenda kwa baba kila mwezi. Siku moja nilikifunga cherehani kwa kitenge, nikakifikisha mlangoni, nikakirudisha. Mwishowe nilinunua kile kidogo, nikaziba ufa kwa gundi, nikajiambia mti nitaupata kwingine. Nilijaribu sifongo. Nilijaribu chaki. Seremala wa Mlandizi alinisikiliza, akacheka, akarudi kwenye randa yake. Siku kitatange alipokataa kula, niliomba ruhusa kazini nikaenda Kisarawe.

Baba alikuwa uani akichonga mguu wa kitanda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Umekula?"

Nilimweleza shida yangu nikiwa nimesimama. Aliniacha nimalize.

"Hao samaki wanaliwa?"

"Hawaliwi."

"Sasa unawafugia nini?"

"Nawatazama."

Aliweka patasi chini, akaingia bandani. Alikata vipande vya kila mti aliokuwa nao, vidogo kama kiberiti, akatoboa kila kimoja tundu upande mmoja. Mimi nilichomeka mpira wa pampu ya baiskeli kwenye tundu, nikatumbukiza kipande kwenye ndoo, nikapiga hewa. Mninga haukutoa kitu. Mfenesi ulitoa viputo vikubwa kama mbaazi. Msufi ulilowa ukavimba. Tulikwenda hivyo mpaka adhuhuri, yeye akikata, mimi nikipiga pampu. Kisha akaokota kigogo cha mchungwa uliokauka nyuma ya nyumba.

"Huu ni kuni tu," akasema. Akaukata hata hivyo.

Nilipopiga hewa, maji ndani ya ndoo yakageuka meupe kama tui. Baba akachuchumaa, akaingiza kidole.

"Tena," akasema. Nikapiga tena.

Alinichongea vipande sita, akanifungia kwenye gazeti. Nilirudi Kibaha nikiwa karibu kukimbia. Nilifunga kimoja, nikawasha pampu, nikasubiri. Daftari lilisema siku tatu au nne kabla povu halijaanza kutoka. Nilisubiri sita. Viputo vilipanda vizuri, vikafika juu, vikapasuka. Hakuna povu hata tone. Siku ya saba mmoja wa wale samaki wawili alikuwa amelala ubavu kwenye mchanga.

Nilivifungua vile vipande vitano vilivyobaki, nikavinusa. Mafuta ya nazi. Baba alikuwa amevipaka, kama alivyopaka kila kitu kilichotoka mikononi mwake. Nami nilijua kutoka maabara kwamba tone la mafuta linatosha kuua povu.

Nilirudi Kibuta siku iliyofuata, na safari hii sikungoja kukaribishwa.

"Baba, umevipaka mafuta."

"Nimevipaka. Mti mkavu unapasuka."

"Umeniulia samaki. Hukuniuliza. Huulizi. Hata mume hukuniuliza, uliniambia tu siku."

Sikuwa nimekusudia kusema hilo la mwisho. Jirani aliyekuwa akitwanga aliacha kutwanga. Baba alishika msumeno wake, akautazama, akauning'iniza ukutani.

"Yule bwana alikuwa akikupiga?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mama yako aliniambia. Nikasema ni maneno ya wanawake." Alijipangusa vumbi la mbao mikononi. "Nilikosa, mwanangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilizunguka ua mara mbili, kisha nikakaa juu ya gogo, nikalia bila kujificha. Alinisubiri. Baadaye aliniuliza povu linaharibiwa na nini kingine. Nikamwambia: sabuni, jasho, mkono uliotoka kukaanga. Akanawa kwa majivu mpaka viwikoni, akaanza upya.

Alikuja navyo mwenyewe Kibaha Jumamosi, vimefungwa kwa uzi wa katani ndani ya mfuko wa unga. Mimi nilikuwa nimeosha bomba kwa maji ya moto na kubadili maji kiasi nilichoweza. Alikaa mbele ya tangi tangu alipokuja, kofia magotini, akawahesabu samaki kwa sauti: mmoja, wawili. Nilimwambia aende akapumzike, povu halitoki siku ya kwanza. Alibaki siku tatu. Siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, aliniita nikiwa jikoni, kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba maji.

"Njoo uone."

Ndani ya kikombe mlikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, chenye kina cha ukucha, kinanuka vibaya. Alikisogeza kikombe puani, akakunja uso.

"Wanaishi ndani ya hiki?"

"Walikuwa wanaishi."

Alikwenda kukimwaga nje kwenye mgomba, akakisuuza kwa maji matupu, akanirudishia. Kitatange alikula jioni ile.

Tangi lile lilidumu miaka minne zaidi, mpaka umeme ulipokatika siku tano mfululizo na kila kilichokuwa hai ndani yake kikafa. Nililibomoa tangi, nikakausha kioo kimoja nikampa baba. Alikifanya dirisha la banda lake, upande wa mashariki, ambako kulikuwa na giza hata alikuwa hawezi kuona mstari wa penseli.